Sakafu ya Nyuma ya Kioo

Hadi saa tano asubuhi, Milimita alikuwa ameshaonyeshwa milango minne na hajavuka kizingiti cha hata mmoja. Alikuwa amevaa viatu vipya, vilivyonunuliwa kwa ajili ya safari, na viatu vipya havina urafiki na mtu. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kinawaka moto. Mji mkubwa kuliko yote aliyowahi kuiona ulikuwa umemzunguka pande zote, mnara wake maarufu unachungulia juu ya mapaa, mto wake umejaa boti za kutembeza wageni, na yeye amesimamishwa kando ya barabara anaangalia ndani ya jengo la bima kupitia kioo, kama mtoto aliyefukuzwa harusini.

“Unaiona?” akauliza Timazi, pua yake nusura iguse kioo.

“Naona watu wenye tai.”

“Chini, wewe. Tazama chini. Ile sakafu nimeitandika mimi.”

“Basi tuingie.”

“Hawaruhusu.”

“Hata wewe uliyeitandika?”

Timazi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mazungumzo yabadilike. “Twende bwana, kuna nyingine mbele.”

Kuna nyingine mbele! Maneno hayo Milimita alikuwa akiyasikia tangu saa mbili. Mnara wenyewe walikuwa wameupita kwa mbali, Timazi akaunyooshea kidole kimoja kana kwamba anaonyesha mti wa jirani, akasema, “Ule pale,” kisha akakata kona kwenda kuonyesha kioo kingine. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hao hawakuwahi kutembezwa na Timazi.

Milimita si mtu wa hasira za bure, na ni haki yake hilo lisemwe mapema. Hasira yake ya siku hiyo ilikuwa na mizizi, na mzizi mkuu ulikuwa nyumbani, umekaa kwenye mkeka, unasubiri simu.

Wote wawili walikuwa mafundi wa vigae, na wote wawili walifundishwa na mtu mmoja, baba mzazi wa Timazi, ambaye kila mtu alimwita Mzee hata alipokuwa bado kijana. Mzee ndiye aliyewapa majina. Mwanawe alimwita Timazi kwa sababu tangu utotoni alisimama wima kama ile kamba yenye uzito ambayo mafundi hupimia ukuta. Mwanafunzi wake alimwita Milimita kwa sababu alikuwa hawezi kuachana na kigae mpaka kikae sawasawa. Wenzake wanamaliza vyumba vitatu, yeye bado anagombana na kona ya kwanza. Wakati mwingine Mzee alitamani awachanganye kwenye beseni moja kama mchanga na saruji, apate fundi mmoja kamili. Kwani Timazi naye alikuwa na lake: mkono mzuri, lakini akifika kwenye nguzo, pale pa kukata vigae vidogo vidogo kuizunguka, uvumilivu unamwishia. “Kwenye nguzo usikimbie!” Mzee alikuwa akipiga kelele mpaka majirani wakawa wanamtania kwa maneno hayo sokoni.

Mzee alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: kila fundi aache kigae kimoja kilichogeuzwa, kinachokwenda kinyume cha wenzake, ili fundi mwingine akipita ajue mkono wa nani ulipita hapo. Kikae nyuma ya mlango, mwenye nyumba asikione. Ya pili: sakafu ya mwenzako haikaguliwi kwa viatu wala kwa macho. Unavua, unafumba macho, unatembea. Macho yanadanganywa na mng'aro, lakini unyayo haudanganyiki. Palipo na kigae kilichomzidi mwenzake kimo, hata kama ni kwa unene wa karatasi, mguu utakuambia. Mahali kama hapo Mzee alipaita mdomo, kwa sababu, alisema, patakusema maisha yako yote.

Miaka kumi na moja iliyopita Timazi aliondoka kwenda kutafuta maisha. Miaka mitano iliyopita Mzee alifariki, na Timazi hakuja kuzika. Ni Milimita aliyeingia kaburini kumpokea maiti. Ni Milimita aliyekaa na kupokea mikono ya pole kama mtoto wa kumzaa, na kila mkono ulipomgusa alijiuliza yule mwenye baba yake yuko wapi.

Kisha, miaka miwili iliyopita, ikaja habari ya Mjomba. Mjomba, ndugu wa mama yake Timazi, alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi, na bendi yake ilialikwa kwenda kupiga katika mji huu huu. Aliporudi hakuhitaji tarumbeta kuutangazia mtaa. Kwamba alipokuwa ndani ya basi la bendi alimwona Timazi kwa macho yake mawili, pale uwanja wa sanamu ya farasi, amepiga magoti kando ya barabara, kichwa chini, bakuli liko pembeni. “Mpwa wangu anaomba,” alisema Mjomba, na akafuta chozi ambalo watu wengine hawakuliona. Aliyetaka kumtetea aliambiwa lisemwalo lipo.

Tangu siku hiyo Mama aliacha kwenda kwenye shughuli za watu. Alikuwa mwanamke wa kukaa mbele, wa kuchekesha wanawake wenzake mpaka wakashika mbavu. Sasa akialikwa anasema miguu inamuuma. Na Timazi akipiga simu akisema, “Mama, niko kazini,” Mama anaitikia, “Haya mwanangu,” kisha anakata simu na kuitazama.

Basi kiwanda cha gundi ya vigae kilipomwalika Milimita kwenye mafunzo ya siku nne katika mji huo, Mama alimwita. Hakumpa mzigo wa kupeleka. Alimshika mkono.

“Usiniletee picha,” alisema. “Picha siku hizi zinatengenezwa. Wewe umefundishwa na mume wangu. Kama mwanangu ana sakafu huko, vua viatu ukanyage, halafu unipigie simu uniambie. Na kama anaomba, mwambie arudi. Nitamlisha mwenyewe. Lakini nijue.”

Mafunzo yalikuwa yanaanza kesho yake, asubuhi mpaka jioni, na siku ya mwisho ni moja kwa moja uwanja wa ndege. Siku ya kutembea ilikuwa hiyo moja tu. Na saa tano ilikuwa imeshafika, na unyayo wa Milimita haujagusa chochote isipokuwa soksi.

Mlango wa tano ulikuwa wa duka kubwa lililofungwa kwa matengenezo. Wa sita ulikuwa wa jengo la ofisi, na hapo Milimita aliamua kufanya uchunguzi wake kimyakimya. Mtu alipotoka na mlango ukabaki wazi kidogo, alikunja shingo akachungulia nyuma yake, pale ambapo kigae kilichogeuzwa kilitakiwa kuwa. Vigae vyote vilitazama upande mmoja kama watu kwenye foleni. Hakuna hata kimoja kilichogeuzwa.

Moyoni aliona ukweli umeshajileta wenyewe. Mtoto wa Mzee aitandike sakafu asiache alama nyuma ya mlango? Haiwezekani. Mtu huyu alikuwa anachagua majengo mazuri anayoyapita, anayaita yake. Na hapa lazima tuseme jambo ambalo Milimita mwenyewe hakulipenda: sehemu ndogo ya moyo wake ilifurahi. Miaka kumi na moja alikuwa amebaki kule nyumbani akibandika vigae vya bafu na jiko, huku watu wakimwambia mwenzako ameula. Kama mwenzake hakuula, basi kubaki kwake hakukuwa ujinga. Furaha hiyo ilimchefua, na kwa kuwa ilimchefua, hasira ikazidi.

Adhuhuri walikaa kwenye benchi la saruji chini ya daraja la watembea kwa miguu. Timazi alitoa kwenye mfuko mkate, mayai ya kuchemsha na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Alimenya yai la kwanza kwa uangalifu, akampa mgeni.

“Kula, ndugu yangu. Jioni nitakupeleka mnarani.”

“Mnara uache.” Milimita hakulipokea yai. “Nataka kukuuliza, na usinichekee. Unafanya kazi gani hapa?”

“Si nimekuonyesha tangu asubuhi?”

“Umenionyesha vioo! Tangu asubuhi nimeonyeshwa vioo! Mimi pia naweza kusimama nje ya benki nikasema hela zote za mle ndani ni zangu. Nani atanibishia?”

Timazi akabaki na yai mkononi.

“Wasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe,” Milimita akaendelea, sauti inapanda. “Mimi siku ya kwanza tu nimechoka kuliko mtu wa jembe. Nimechungulia nyuma ya mlango, Timazi. Hakuna alama. Baba yako hukuja kumzika, nikasema ana sababu zake. Mama yako amejifungia ndani miaka miwili, nikasema nitakwenda nione. Sasa nimekuja, unaniuzia maneno!”

“Mama amejifungia kwa nini?”

Hapo ndipo Milimita alipogundua kwamba hakuna aliyewahi kumwambia. Watu hawaambii mtu kwamba wamesikia anaomba. Akamwambia yote: Mjomba, basi, sanamu ya farasi, magoti, kichwa chini, bakuli. Alisema bila kupunguza, kwa sababu alikuwa na hasira, na mwenye hasira hapimi maneno kwa kijiko.

Timazi alilirudisha yai kwenye mfuko, akakunja karatasi ya chumvi mara mbili, akasimama. “Nyanyuka.”

“Wapi tena?”

“Kwenye farasi.”

Walikwenda kwa miguu mpaka kwenye uwanja wenyewe. Uwanja ulikuwa mpana, katikati sanamu ya shaba ya mtu juu ya farasi, na pembeni barabara ambayo mabasi makubwa ya wageni yalikuwa yanapita polepole. Timazi alitembea mpaka ukingoni kabisa mwa barabara, akasimama, akanyoosha mkono chini.

“Mjomba aliniona hapa. Bila shaka ni hapa, maana sijawahi kupiga magoti kwingine kokote kwenye uwanja huu. Sasa niambie wewe fundi, chini ya miguu yako kuna nini?”

Milimita akatazama. Mawe madogo ya mraba, ya kijivu, yamepangwa kwa mapinde mapinde, mwanya mwembamba kati ya jiwe na jiwe, umejazwa vizuri.

“Majira ya joto ya mwaka juzi,” alisema Timazi. “Tulikuwa watu thelathini, miezi minne. Mawe haya unayapanga ukiwa umesimama?”

Milimita akainama, akapapasa mwanya mmoja kwa kidole.

“Nauliza. Unayapanga ukiwa umesimama? Au unapiga magoti, unainamisha kichwa, na bakuli la saruji unaliweka pembeni?”

Damu ilimpanda Milimita usoni. Miaka ishirini alikuwa amepiga magoti. Magoti yake mwenyewe yalikuwa na sugu ngumu kama kisigino; mkewe humtania kwamba akifa ataulizwa alikuwa ngamia wa nani. Kila siku ya kazi alikuwa magotini, kichwa chini, bakuli pembeni. Na aliposikia habari ya Mjomba, yeye fundi, mwanafunzi wa Mzee, miaka miwili mizima, hakuwaza. Mpiga tarumbeta asamehewe, kazi yake ni ya kusimama. Yeye Milimita angesamehewa kwa lipi?

Hasira haikumtoka, ilihama nyumba tu. Ilitoka kwa Timazi, ikapita kwa Mjomba na kumtukana kidogo, ikaja kukaa kwake mwenyewe. Alitamani kujipiga kofi hadharani.

“Mimi ni mpumbavu,” akasema.

“Umechelewa kugundua,” alisema Timazi, lakini macho yake yalikuwa mekundu. “Miaka miwili mama yangu anakaa ndani anadhani naomba. Na kila nikipiga simu ananiitikia ‘haya mwanangu’. Mngeniambia! Hata mmoja wenu!”

Milimita akasema kwamba hapo hapatoshi. Watu thelathini wamepapanga, hakuna alama ya mtu. Mama ametaka akanyage sakafu ya mwanawe, na simu inasubiriwa leo. “Nipeleke kwenye ile uliyoitandika peke yako. Moja tu. Na safari hii tunaingia.”

“Tukifukuzwa?”

“Watufukuze tukiwa ndani.”

Hoteli yenyewe ilikuwa barabara mbili kutoka uwanjani, jengo refu lenye mlango wa kioo unaofunguka wenyewe. Timazi alipunguza mwendo kadiri walivyoukaribia, na hatua chache kabla ya mlango akasimama kabisa. Wasimamizi walikuwa wamewaonya mafundi, alieleza. Kazi ikishakabidhiwa, fundi haonekani tena mlango wa mbele. Walinzi wanawajua kwa sura, na wakimwona mtu anazurura wanampigia simu mkandarasi. Mwenzake mmoja alikatiwa zamu mwezi mzima kwa kuja kumwonyesha mkewe ngazi alizozijenga.

“Kumwonyesha mkewe tu?”

“Kumwonyesha mkewe tu.”

Milimita akavuta pumzi kwa nguvu puani.

“Ukumbi wa mapokezi walinipa mimi peke yangu,” alisema Timazi. “Marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Nimeutandika wiki ile Baba anazikwa. Kibali changu cha kuishi nchini kilikuwa bado ofisini kwao, ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi. Wewe ulikuwa kaburini, mimi nilikuwa mle ndani, magotini. Nililia mpaka nikawa nafuta vigae kabla ya kupaka gundi.” Akanyoosha kidole. “Tazama hapo. Ukivuka mlango, mstari wa tatu, mkono wa kushoto.”

Milimita akatazama kupitia kioo. Mishipa ya marumaru yote ilikwenda kutoka mlangoni kuelekea ndani, kama mto unaotiririka. Kwenye mstari wa tatu, kigae kimoja kilikuwa kimekatisha. Mishipa yake ilikwenda kulia na kushoto. Mtu asiye fundi angekipita maisha yake yote.

“Lakini Mzee alisema nyuma ya mlango!” akasema. “Mimi asubuhi nimechungulia nyuma ya mlango!”

“Zote nimeweka mbele.”

“Kwa nini?”

“Nyuma ya mlango ningekionaje?” Timazi alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeeleza kazi. “Nimekiweka pale ili nikione nikiwa nje.”

Milimita alimtazama. Kumbe siku alipokuwa anakipaka gundi kigae kile, na kukibonyeza, na kukipima usawa, alikuwa ameshajua kwamba mlango huo hautakuwa wake. Alikuwa ametandika sakafu nzima huku amejichagulia dirisha la kuja kuichungulia. Na asubuhi hiyo nzima, mlango kwa mlango, alikuwa akimpeleka rafiki yake kwenye madirisha yake yote.

Ikapanda hasira ambayo haikuwa na mfano wa zile za asubuhi. Za asubuhi zilikuwa za viatu. Hii ilitoka tumboni. Milimita akainama palepale barabarani, akafungua kamba, akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, akavua soksi, akavitia vyote mikononi mwa Timazi.

“Wewe, unafanya nini?”

“Nakagua kazi.”

“Milimita!”

Mlango ukajifungua wenyewe. Milimita akaingia, akasimama juu ya kile kigae kilichogeuzwa, akafumba macho, akaanza kutembea.

Sakafu ilikuwa baridi na tulivu. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa akiburuta nyayo kidogo, kama Mzee alivyowafundisha, kisigino kwanza, kisha ukingo, kisha vidole. Hakuna kitu. Kigae kinamkabidhi kwa kigae kingine bila neno. Alisikia viatu vya watu vikisimama, alisikia mwanamke wa mapokezi akisema jambo, alisikia buti zikija mbio kutoka kushoto. Hatua ya kumi, ya kumi na moja. Hakuna kitu! Kidole chake kilichochubuka, ambacho siku hiyo kingesikia hata unywele, hakikulalamika.

Mkono mzito ukamshika kiwiko. Akafumbua macho, akaona mlinzi mpana, waya sikioni, anasema maneno ambayo hayakuhitaji mkalimani.

“Subiri kidogo, baba,” Milimita akamwambia kwa Kiswahili, kwa adabu zote. “Bado nguzo.”

Mlinzi akavuta. Milimita akajikaza. Nguzo ilikuwa hatua tatu tu mbele, na mkaguzi asiyefika kwenye nguzo hajakagua. Akaruka moja, akaburuta ya pili huku mlinzi amemning'inia, akauzungusha unyayo wake kwenye shina la nguzo ile, nusu mzunguko, kabla mlinzi wa pili hajafika. Kisha akatolewa. Alitolewa kama mfuko wa saruji, wawili wakiubeba, na wageni wenye masanduku wakampisha.

Nje, mlinzi yule mpana akamwelekea Timazi na kumnyooshea kidole. Alimtambua. Maneno yalikuwa mengi.

“Anasemaje?” Milimita akauliza, anahema.

“Anasema umeichafua sakafu.”

“Nimeichafua? Kwa nyayo zangu? Watu wanaingia na buti zilizokanyaga walichoacha mbwa barabarani, mimi ndiye nimeichafua? Mwambie! Mwambie nani ameitandika!”

Timazi alikuwa amesimama amekumbatia viatu na soksi za mwenzake. Kwa kutwa nzima alikuwa amezungumza lugha ya mji ule kwa sauti ya chini, ya kuomba njia. Sasa alisimama wima, kama jina lake, akasema sentensi mbili, na hakuzisema chini. Mlinzi akamtazama kuanzia juu mpaka viatu, akatoa simu yake, akarudi ndani. Mlango ukajifunga.

“Umemwambia nini?”

“Kwamba sakafu hiyo ni mkono wangu. Na kwamba miguu ya ndugu yangu ni safi kuliko viatu vyake. Sasa anampigia mkandarasi. Haya. Na ampigie.”

Kupitia kioo wakamwona mfanyakazi wa usafi akija na ufagio wa maji. Alianza kwenye nguzo, akarudi nyuma hatua kwa hatua kufuata njia aliyopita Milimita, akifuta, mpaka akafika kwenye mstari wa tatu, akakifuta na kigae kilichogeuzwa. Walisimama wakaangalia mpaka akamaliza.

Simu ikaita. Mama hakuwa ameweza kusubiri.

“Umefika?” akauliza. Hakusalimu.

“Nimefika, Mama. Sikiliza. Mjomba aliona kweli. Timazi alipiga magoti, na kichwa chini, na bakuli pembeni. Alikuwa anapanga mawe, Mama. Alipiga magoti kama marehemu baba yake alivyopiga magoti miaka arobaini. Hilo mwambie Mjomba, na umwambie tarumbeta yake aitumie kulirekebisha.”

“Umekanyaga?” akauliza Mama.

“Nimekanyaga. Ukumbi mzima wa hoteli, marumaru, kautandika peke yake. Alama yake ipo, nimesimama juu yake.”

“Kwa miguu mitupu?”

“Mitupu, Mama. Hapa nilipo nimesimama barabarani bila viatu, watu wananishangaa.”

“Ina midomo?”

Milimita akasita. Timazi alikuwa amesogea karibu, sikio liko kwenye simu. Mtu mwingine angesema haina, na dunia ingeendelea. Lakini Mzee hakumwita mtu yule Milimita kwa utani.

“Kutoka mlangoni mpaka katikati, haina hata mmoja,” alisema. “Sijawahi kukanyaga kitu kama kile. Ila kuna mmoja, Mama. Mdogo, unene wa kucha. Kwenye nguzo.”

Akasikia pumzi ya Mama. Akasikia kitu ambacho kwanza alidhani ni kilio, kikapanda, kikavunjika, kikawa kicheko, kile kicheko cha zamani cha kushika mbavu, kikifuatwa na machozi yenyewe.

“Kwenye nguzo!” Mama alisema. “Basi ni yeye. Ni mwanangu huyo. Ni yeye kabisa! Baba yake alimwambia mpaka koo likakauka. Ngoja nivae, nitoke. Leo kwa jirani kuna shughuli, bado nitawakuta.”

“Mdomo gani?” alisema Timazi.

Milimita akashusha simu. Mwenzake alikuwa amebadilika rangi.

“Mdomo gani? Pale hapana mdomo! Ile nguzo niliifanya siku mbili nzima, niliipima mara nne, mara nne! Ulikuwa unaburutwa na walinzi, utasikia nini wewe? Kidole chenyewe kimevimba!”

“Unene wa kucha.”

“Hakuna!”

“Upande wa ndani, unaotazama ngazi.”

Timazi akaviweka viatu vya Milimita chini kwa kishindo. Akatazama kioo, na nyuma ya kioo mlinzi mpana aliyekuwa bado ana simu sikioni, macho kwao. Kutwa nzima mtu huyu alikuwa ameogopa milango.

Akakaa kitako kwenye ukingo wa barabara na kuanza kufungua kamba za viatu vyake mwenyewe.

“Mwambie Mama asikate,” akasema.